Sifa za Mkopo wa Tarehe 20

Washairi wetu wameusifu mwezi, wameisifu bahari, wameyasifu macho ya mpenzi, na katika vyote hivyo hakuna kilichowahi kumkopesha mtu hata senti. Leo naomba nafasi nisifu kitu kinachokopesha. Ni ule mkopo mdogo wa wiki mbili unaotolewa Kanada katika maduka yenye taa za rangi kali, Hamilton, Edmonton, Winnipeg na kwingineko walikofikia ndugu zetu waliotoka kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale. Ulibuniwa kwa ajili ya mtu anayesubiri mshahara, lakini umempata mteja anayemzidi mwenye mshahara kwa mbali: mzazi anayesubiri pesa za watoto. Kiwanda hufungwa na kibarua huota nyasi. Mtoto wa miaka mitatu hafukuzwi kazi. Ataendelea kuwa mtoto mpaka atimize 18, na serikali italipa.

Desturi ya sifa ni kuanza na nasaba, na mkopo huu una nasaba pande zote mbili.

Upande wa mama, ukoo ni wa heshima. Mwaka 1945, wakati wa Waziri Mkuu Mackenzie King, Kanada ilianza kulipa posho ya dola 5 hadi 8 kwa mwezi kwa kila mtoto, kulingana na umri. Kule Quebec wakubwa walitaka hundi iandikwe jina la baba. Bibi mmoja, Thérèse Casgrain, akasimama kidete mpaka hundi ikaenda kwa mama. Posho hiyo imebadilishwa majina na sura mara kadhaa, na hii ya sasa ilianza Julai 2016. Katika mwaka wa malipo ulioanza Julai 2025, familia yenye kipato kisichozidi dola 37,487 inapata dola 666.41 kila mwezi kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, na dola 562.33 kwa mwenye miaka 6 hadi 17. Hazikatwi kodi. Huingia benki mara moja kwa mwezi, kwa kawaida tarehe 20.

Upande wa baba, mkopo wetu unatoka katika sheria ya makosa ya jinai. Sitanii. Kwa miaka mingi kifungu cha 347 cha sheria hiyo kilisema kwamba kutoza riba inayozidi asilimia 60 kwa mwaka ni uhalifu. Mwaka 2007 Bunge likafungua kimlango pembeni: mkopo usiozidi dola 1,500 na siku 62, katika jimbo lililojiwekea sheria zake, hauguswi na kifungu hicho. Ilipofika Januari 1, 2025, serikali ikakaza kamba. Kiwango cha uhalifu kikashushwa hadi asilimia 35, ila kimlango kikaachwa wazi, kwa sharti kwamba ada isizidi dola 14 kwa kila dola 100. Chukua kalamu. Dola 14 kwa siku 14 ni asilimia 1 kwa siku, yaani asilimia 365 kwa mwaka. Basi jirani yako akikukopesha kwa asilimia 40 anaweza kushtakiwa, na mwenye duka anayekukopesha kwa 365 ana leseni ukutani, ndani ya fremu. Ni mikopo mingapi duniani inayoweza kujivunia kwamba Bunge zima liliketi kuitakasa?

Sasa nije kwenye tabia zake njema, nianze na utii wa sheria. Sheria ya kodi ya Kanada inasema wazi kwamba pesa za watoto haziwezi kuwekwa rehani, haziwezi kuhamishiwa mtu mwingine, wala mdai hawezi kuzikamata. Mbunge aliyetunga hayo bila shaka alilala usingizi mzuri usiku ule. Mwenye duka naye anaiheshimu sheria hiyo herufi kwa herufi. Hachukui rehani. Anamwomba tu mama atie sahihi karatasi inayoruhusu akaunti yake ikatwe, kisha anamuuliza kwa upole pesa zake huingia tarehe ngapi. Pesa za mtoto hazigusi kamwe. Anasubiri ziingie benki, ziwe za mama walau kwa saa moja ya alfajiri, halafu anachukua zake.

Pili, ukarimu wa mapokezi. Mtazame mama mmoja wa watoto watatu kule Hamilton, jimbo la Ontario, tarehe 6 ya mwezi. Bahasha yake ina kitambulisho, taarifa ya benki na ile barua ya Julai inayoonyesha atalipwa kiasi gani kila mwezi. Ofisi nyingine zote za mji huo zimemwambia aweke miadi, ajaze fomu mtandaoni, abonyeze moja kwa Kiingereza na mbili kwa Kifaransa. Hapa, nyuma ya kioo, ameketi binti ambaye wazazi wake ni watu wa Bukavu. “Jambo mama. Batoto beko muzuri?” Mama anatabasamu; tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza habari za watoto isipokuwa ofisi ya kodi. Karatasi zimekwisha kupakwa rangi ya njano pale pa kutia sahihi, ili asihangaike kusoma palipobaki. Noti za ishirini zinahesabiwa mbele yake mara mbili, ishirini kwa idadi, dola 400. Theluji ya viatuni bado haijayeyuka, na shida imekwisha.

Sheria ya Ontario inampa siku 2 za kazi za kughairi bila gharama, mradi arudishe pesa zote. Lakini kaunta ya pili ya duka hilohilo inatuma pesa nje ya nchi, na mdogo wake aliyebaki Nyarugusu alikuwa ameandika ujumbe usiku kwamba mtoto amelazwa. Dola 150 zimekwisha kuvuka bahari kabla mama hajafunga zipu ya koti. Zilizobaki ni za buti za theluji na umeme.

Tatu, mkopo huu ni mwalimu wa hesabu asiyechoka. Tarehe 20 mama anakatwa dola 456. Pesa za watoto zilizotakiwa kufika hadi tarehe 20 nyingine zimepungua kwa 456, kwa hiyo tarehe 6 inamkuta palepale. Ontario inakataza mkopo kuzungushwa, yaani deni lilelile kusogezwa mbele kwa kuongezewa ada. Hakuna wasiwasi: analipa deni lote, anatoka akiwa mtu huru kabisa, na baada ya siku chache anarudi kukopa upya. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kinachojaa hapa ni cha mwenye duka. Dola 56 mara 12 ni dola 672. Rudi juu uangalie posho ya mtoto mdogo kwa mwezi mmoja: dola 666.41. Mwaka wa serikali una miezi 12. Wa mtoto huyu una 11, na mwezi mmoja wote, pamoja na dola 5 na ushee za asante, umekwenda dukani. Hakuna shule iliyowahi kumfundisha mama sehemu kwa ufasaha kiasi hicho.

Nne, mkopo huu unajua sikukuu. Serikali, kwa huruma yake, huleta pesa za Desemba mapema ili watoto wafurahie Krismasi. Desemba 2024 zililetwa tarehe 13. Pilau ikapikwa, zawadi zikanunuliwa, na malipo yaliyofuata yakaja Januari 20. Katikati hapo kuna siku 38 za baridi kali. Serikali ilihesabu furaha ya tarehe 25. Ni mkopo wetu peke yake uliohesabu zilizobaki.

Wapinzani wake nao tuwapime, maana sifa bila ushindani ni porojo. Benki inamtaka mama awe na historia ya mikopo, na historia hiyo haipatikani mpaka benki imkopeshe. Serikali yenyewe huwakopesha wakimbizi nauli ya ndege ya kuja Kanada, mkopo ambao tangu 2018 hautozwi riba. Unachosha! Mtu analipa kidogo kidogo, deni linapungua kila mwezi, mwisho linakwisha. Hauna msisimko wowote.

Mshindani wa kweli ni upatu, ambao wengine huuita chama na Wakongomani huuita likelemba. Akina mama kumi wanaketi sebuleni Jumapili, kila mmoja anatoa dola 100, mmoja anaondoka na 1,000, na hakuna anayemtoza mwenzake senti. Kwa hesabu, upatu unaushinda mkopo wetu vibaya. Kwa siri, unashindwa. Upatuni kuna masikio. Ukisema umepungukiwa, kabla ya jioni shemeji yako aliyeko Kigoma amekwisha kusikia kwamba Kanada imekushinda, na wewe ndiye uliyemtumia picha ukiwa umesimama mbele ya gari la mtu. Kule nyumbani wanaamini pesa hapa zinaokotwa. Mwenye duka haamini hivyo, na ndiyo maana mama anamwamini. Ni yeye peke yake katika mji mzima anayejua kwamba yule dada anayechangia kila harusi na kila msiba huwa hana kitu kuanzia tarehe 6, na hajamwambia mtu. Dola 56 ni bei ya kunyamaziwa, na wapo wanaoiona si ghali.

Lakini mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Wenye wivu kule Tanzania wamekwisha kuibandika mikopo ya jamaa hii jina la kausha damu. Quebec haikukubali kufungua kile kimlango, na maduka haya hayana nafasi huko. Nawahurumia akina mama wa Montreal, ambao ikifika tarehe 6 inabidi wavumilie deni lisilokua. Jiji la Hamilton, mwaka 2018, lilipitisha kanuni kwamba kila kata iwe na duka moja tu la namna hii. Kisingizio chao ni kwamba yalikuwa yamejazana kwenye mitaa ya maskini. Sasa walitaka yajazane wapi? Kisima huchimbwa penye maji. Ontario nayo imeweka sheria kwamba anayekopa mara tatu katika duka moja ndani ya siku 63 apewe nafasi ya kulipa kwa awamu. Sheria nzuri, isiyomdhuru mtu, maana mama mwenye akili akifika mara ya tatu huhamia duka la kata ya jirani.

Wapo pia wanaosema kukopa harusi, kulipa matanga. Hao hawajui utaratibu. Harusi hapa ni tarehe 6, matanga ni tarehe 20, na akaunti ikikutwa tupu kuna arobaini vilevile: mwenye duka anaruhusiwa kutoza hadi dola 20 kwa malipo yaliyogoma, na benki inaongeza faini yake kwa kosa hilohilo. Kila mila imezingatiwa.

Nimesifu vya kutosha, sasa nitoe wasiwasi wangu, kwa kuwa anayependa huogopa. Siogopi wanaharakati, wala siogopi asilimia 35 za Ottawa. Naiogopa kalenda. Uhai wote wa mkopo huu umesimama juu ya jambo moja dogo: serikali hulipa mara moja kwa mwezi, na mtoto hula kila siku. Siku zilizo kati ya hayo mawili ndizo mali inayouzwa dukani. Zaidi ya siku hakuna kitu kwenye rafu. Na kuna nchi imekwisha kucheza na moto huo. Uingereza hulipa posho ya watoto kila baada ya wiki nne, lakini mzazi anayelea peke yake anaweza kuomba alipwe kila wiki. Dola zetu zilezile zikigawanywa mafungu manne, bila hazina kuongeza senti, mama wa tarehe 6 atakuwa amepata fungu jingine juzi tu, na buti za theluji zitanunuliwa Jumamosi kama vitu vingine vyote.

Kwa hiyo nawasihi wakubwa wa Ottawa waendelee na kazi zao za maana. Washushe riba ya uhalifu hadi asilimia 30, hadi 20 wakipenda. Waandike onyo kubwa zaidi dirishani. Waunde tume, waalike wataalamu, wachapishe ripoti kwa lugha zote mbili. Haya yote mwenye duka atayavumilia, na akiombwa atachangia kahawa ya kikao. Tarehe 20 tu ndiyo wasiiguse.