Matairi ya Kifua

Hapa Tabora kuna bwana kakivalisha kigari chake, chenye rimu ya upana wa inchi 5.5, matairi ya milimita 225. Eti njia ya Ujiji inataka gari lenye kifua! Matairi yamevimba mashavu, katikati yanalika, na kila akikata kona yanakwangua bodi. Rimu hiyo ikishabeba 195 imebeba vya kutosha.

Wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pembe za ndovu Bagamoyo, mwendo wa miezi, kwa nyayo walizozaliwa nazo. Yeye hata Urambo hajafika.

Bwana mkubwa, saizi ya matairi yako imebandikwa mlangoni kwa dereva. Ukishuka kupigwa picha, isome.