Vigezo na Masharti ya Maboga

Kwenye redio zetu hakuna sentensi inayosomwa kwa kasi kama "vigezo na masharti kuzingatiwa". Mtangazaji atakubembeleza nusu dakika nzima ununue bando, akifika hapo anayameza maneno kwa mkupuo kama anakunywa mwarobaini. Mimi nilipopakua programu ya bure ya kuandikia shajara, niliyasoma masharti yake yote, tangu juu hadi chini. Umeme ulikuwa umekatika, simu ina chaji, mtoto kalala. Elimu huja kwa njia nyingi.

Anayecheka akumbuke yaliyowapata wenzetu Uingereza. Sikukuu ya Wajinga ya mwaka 2010, duka la michezo ya video liitwalo GameStation lilichomeka kwenye masharti yake kifungu kinachosema mteja anaikabidhi kwao roho yake milele. Wateja 7,500 hivi wakaitoa. Mwaka 2017 kampuni ya Wi-Fi ya Purple nayo ikaweka sharti la kufanya kazi za jamii kwa saa 1,000, zikiwemo kusafisha vyoo na kuzibua mitaro. Watu zaidi ya 22,000 wakabonyeza kukubali, wakaendelea kutazama video zao.

Masharti ya shajara yangu hayakutaka roho wala choo. Yalianza kwa adabu kabisa: kila utakachoandika ni mali yako. Nikafurahi. Aya iliyofuata ikasema naipa kampuni ruhusa ya dunia nzima, isiyo na malipo, ya kuhifadhi na kunakili hiyo mali yangu kadiri huduma inavyohitaji. Furaha ikapungua. Mbele kidogo: huduma inatolewa kama ilivyo, na ikitokea hasara yoyote, fidia haitazidi kiasi ulicholipa. Nimelipa sifuri. Kwa hiyo siku siri zangu zikimwagika nitapokea sifuri kamili, na uzuri wake hiyo haikatwi tozo.

Kulikuwa pia na kifungu kwamba kampuni ikiuzwa, shajara nayo inakwenda na mnunuzi. Hicho si mzaha. LiveJournal ilianzishwa Marekani mwaka 1999 na kijana aitwaye Brad Fitzpatrick, ikanunuliwa na kampuni ya Kirusi mwaka 2007. Mwishoni mwa 2016 seva zikahamishiwa Urusi, na Aprili 2017 watumiaji wakaletewa masharti mapya yanayofuata sheria za huko, tafsiri ya Kiingereza ikiwa ya kusomea tu, haina nguvu kisheria. Mtu kaandika habari za mchumba wake akiwa kitandani kwake, anaamka siri zimeshahamia Urusi na yeye hata pasipoti hana.

Lakini Urusi ni mbali. Kilichonitoa jasho ni wajibu wa mtumiaji. Hataandika jambo la kuudhi, wala la kukashifu, wala taarifa za mtu mwingine bila ridhaa yake. Sasa shajara isiyo na watu wengine ina nini ndani? Jioni moja nilijaribu kuwa mtumiaji mwema: "Leo nimekutana na mtu fulani mahali fulani. Ameniambia jambo. Nimemjibu. Kuna mawingu." Hata Mamlaka ya Hali ya Hewa huandika kwa hisia kuliko hivyo. Nikarudi kwenye uandishi wa watu wazima, wa majina na vitu.

Wajibu mwingine ni kutunza neno la siri na kutomruhusu mtu yeyote kuingia kwenye akaunti. Aliyeandika hilo anaishi peke yake. Kwetu simu ya mama ni mali ya ukoo: mtoto anachezea gemu, baba anapigia salio lake likiisha, jirani anaazima tochi. Mwanangu wa darasa la tatu anaujua mchoro wa kufungulia simu yangu kuliko anavyolijua jedwali la kuzidisha.

Basi mama mkwe alikuwa kwetu, ametoka Njombe, kashukia Kituo cha Magufuli pale Mbezi na mizigo yake. Amekaa sebuleni na simu yangu mkononi, anatazama picha za harusi ya wifi. Programu ina tabia ya kukumbusha: siku kama ya leo mwaka jana uliandika hivi. Sentensi za kwanza zinajitokeza juu ya kioo bila kupiga hodi. Kipengele hicho huja kimeshawashwa, na njia ya kukizima imefichwa kama ya magendo. Miwani ya mama ilikuwa chumbani.

"Mjukuu wangu, hebu nisomee hapa wameandika nini."

Mjukuu akasoma vile walivyofundishwa, kidole chini ya neno, sauti ya kufika dawati la nyuma: "Ma-ma a-me-fi-ka. A-me-ku-ja na ma-bo-ga ma-ta-tu na ma-la-la-mi-ko sa-ba."

Jikoni vitunguu vyangu viliungua. Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba kuna fundi anamsubiri gereji.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizoshikwa na mwingine, na kutaka zirekebishwe zikiwa si sahihi. Wengi tunaisoma tukijiweka upande wa mwenye haki, kampuni upande wa mdaiwa. Mama mkwe hajaisoma hata ukurasa mmoja, ila aliitekeleza yote pale sebuleni.

"Njoo na hiyo simu, mkwe wangu, tuyaone hayo saba."

Nikamsomea. Akahesabu kwa vidole. "Matano. Unaruka." Nikarudia yote. La chumvi akalikubali. La mapazia akasema ule ulikuwa ushauri, si lalamiko, niuhamishe. Kisha akafika kwenye maboga.

"Hayakuwa matatu. Yalikuwa manne. Moja mlimpa jirani hata khanga ya safari sijaivua. Andika."

Nikaanza kuandika. Programu ikagoma: nafasi ya bure imejaa, nilipie kila mwezi ndipo niendelee. Nikamweleza.

"Yaani habari zangu umeziandika mwaka mzima, leo ukweli ndio umekosa nafasi?" Akajiweka vizuri kwenye kochi. "Lete daftari. Na hilo ni la nane."