Namna ya Kufilisi Chama kwa Wingu: Mwongozo kwa Katibu Mpya

Ndugu katibu wa chama cha msingi pale Choma, wilayani Igunga, hongera kwa kuchaguliwa. Stakabadhi za pamba za misimu yote zimeshapigwa skani, na mkutano umeamua zihamie kwenye hifadhi ya wingu. Fuata hatua hizi tano, na kumbukumbu za wakulima zitageuka deni bila mtu kuiba hata senti.

Kwanza, weka kila kitu sebuleni. Mkulima ana tabia ya kugawa: mtama wa wiki hii jikoni, wa kiangazi kwenye kihenge, mbegu darini juu ya moshi. Usimuige, wewe una kompyuta. Stakabadhi za msimu huu, zinazofunguliwa kila mizani inapopima, na za 2009, ambazo hakuna anayeziulizia, zote zilaze tabaka la juu la hifadhi, lile la bei ghali linalofunguka papo hapo. Kwa bei za kampuni ya Amazon za eneo la Virginia, terabaiti moja hapo ni takriban dola 23 kwa mwezi. Tabaka la chini kabisa, Glacier Deep Archive, yaani barafu, ni kama dola 1. Tofauti hiyo kwa miaka kumi ni dola 2,640, ila kwa kuwa inatoka kidogo kidogo, mkutano mkuu hautashtuka.

Pili, ukishtuka wewe, rukia upande wa pili. Tupa kila kitu kwenye barafu, pamoja na daftari la malipo ya jana. Masharti usiyasome. Huko faili hulipiwa angalau siku 180 hata ukilifuta kesho yake, na kwa Google tabaka la Archive ni siku 365. Mkaguzi akifika asubuhi akitaka stakabadhi moja, mpe kiti na chai. Ombi la kawaida la kuifukua huchukua hadi saa 12, la bei nafuu hadi saa 48. Mzee aliyekuja kwa baiskeli kuulizia kilo zake, naye mpe chai.

Tatu, peleka karatasi moja moja. Pamba hufungwa marobota ndipo isafirishwe, lakini wewe usizifunge stakabadhi za msimu katika faili moja. Karatasi ya kilobaiti 20 katika tabaka la kati la Amazon, Standard-IA, hulipiwa kama kilobaiti 128. Wanachama wako ni wengi, nawe utalipia hewa nyingi.

Nne, uliza bei ya kulaza mzigo, usiulize ya kuuondoa. Siku utakapotaka kuishusha terabaiti yako yote kwa intaneti kutoka Virginia, andaa zaidi ya dola 80. Hilo ni pango la karibu miaka saba kule kwenye barafu, na bado hujalipa ada ya kufukua. Misafara ya zamani kati ya pwani na Ujiji iliyapitia haya. Mfuko wa barua za mvumbuzi Livingstone uliandikwa juu yake tarehe 1 Novemba 1870 kule Zanzibar. Mwaka 1871 mwanahabari Stanley, aliyekuwa akimtafuta, aliukuta umelala Unyanyembe, karibu na Tabora, na ni yeye aliyeufikisha Ujiji, takriban mwaka mzima tangu uondoke pwani. Kuhifadhiwa ulihifadhiwa. Mwenyewe ndiye aliyekosa habari za nyumbani.

Tano, usiweke kamwe kanuni ya umri. Kampuni hizi hukuruhusu kuandika amri mara moja tu: msimu ukishafungwa siku 90, mafaili yashuke tabaka la kati; baada ya mwaka, yaende kwenye barafu; muda wa kisheria wa kuyatunza ukiisha, yafutwe. Amri hiyo hufanya kazi hata katibu akiwa shambani. Ukiiweka, utakosa sababu ya kuomba bajeti ya dharura.

Lakini kama hupendi deni, usianzie kwenye orodha ya bei. Mwendee mtunza daftari wa zamani umuulize maswali matatu: karatasi zipi huombwa, huombwa na nani, na baada ya muda gani haziombwi tena. Faili la kila siku na la mara moja kwa miaka mitano hayalali chumba kimoja, na anayejua lipi ni lipi ni yeye, si muuza wingu.