Namna ya Kumpiga Picha Mshtarii na Wanawe Ukiwa Lupangoni, Kasomeno

Kwanza geuza boksi la darubini, picha yake itazame ukuta. Yule Mshtarii wa rangi zote hakupigwa na chombo kilichomo humo. Alipigwa na chombo kilichofunga safari hadi kwake. Wakikuandikia kwamba inakuza mara 500, pima upana wa lenzi yake kubwa: ya milimita 70 inafika mara 140 hivi. Kuzidi hapo unakuza ukungu.

Kisha zungumza na jirani. Mbabula ikiwaka karibu, joto la makala linapanda na kuitetemesha sayari kama kokoto chini ya maji ya mto. Usimwambie mama azime moto. Watu wale bukari yao kwanza, Mshtarii atangoja. Wewe hamisha darubini, uiweke upande upepo unakotokea. Mabati nayo hutunza joto la mchana, kwa hiyo usichungulie juu ya paa. Itoe nje nusu saa kabla, ipoe. Taa za jirani zisikusumbue: Mshtarii hung'aa vya kutosha kuonekana licha yake.

Simu usiishike kwa mkono. Ifunge kwenye lenzi ya kuchungulia kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, weka saa ya kamera isubiri sekunde 3, kisha rudi nyuma. Gusa sayari kwenye kioo cha simu, punguza mwanga mpaka mikanda miwili ya mawingu ijitokeze. Hapo miezi yake itapotea. Ongeza mwanga: miezi minne hiyo imejipanga mstari mmoja, Io, Europa, Ganymede na Callisto, na baba yao amegeuka donge jeupe. Usikate tamaa, hujakosea. Baba anang'aa kupita kiasi kando ya wanawe, hivyo piga picha mbili, kila moja na kazi yake. Ukiwa na kompyuta, rekodi video ya dakika 2; programu ya bure iitwayo AutoStakkert itachagua vipande vilivyotulia na kuvipanga kuwa picha moja. Usirefushe sana, maana Mshtarii hujizungusha mzima kwa muda usiofika saa 10, na madoa yake yatasogea ukiwa bado unarekodi.

Sasa jambo ninalotaka ulikumbuke kuliko yote. Kila baada ya miezi 13 hivi dunia hupita kati ya Jua na Mshtarii, naye huonekana mkubwa, usiku kucha. Februari 2027 na Machi 2028 zitatukuta kwenye mvua. Lakini Mei 2030, Juni 2031 na Julai 2032 ni kiangazi chetu, mbingu kavu, na mwaka 2031 na 2032 atapita karibu na utosi wa Kasomeno. Paris watamwona nyuzi 20 hivi tu juu ya upeo, wakimchungulia kupitia hewa nzito. Sisi tutamwinulia shingo. Nunua darubini sasa, fanya mazoezi kila mvua inapoacha, ili kiangazi hicho kikukute mkono umezoea. Watoto wa hapa wanastahili kuwa na picha waliyoipiga wenyewe.

Ukipata vidoa vitatu badala ya vinne, usifute. Galileo, tarehe 7 Januari 1610, aliona vitatu. Cha nne alikiona tarehe 13. Andika saa na tarehe kwenye kila picha, upige tena kesho yake. Io humzunguka Mshtarii kwa saa 42 tu, na baada ya saa chache mtoto atasema, “Yaya, kimoja kimeibwa.” Mwambie kimeingia nyuma ya baba yake, alete kigoda, akingoje. Kitachukua zaidi ya saa mbili kutokea.