Zulia la Eddo

Anayenunua zulia la rangi ya maziwa kwa ajili ya nyumba ya Garissa, ama hajawahi kufagia Garissa, ama ana ugomvi wa siri na anayefagia. Hooyo, mama yetu, alishikilia sababu ya pili. Eddo, shangazi yetu, dada yake Aabo, baba yetu, anaishi Eastleigh, na alilileta zulia lile harusi ya dada yetu mkubwa ilipokaribia, ukame ukiwa umeanza kuwamaliza ng'ombe wa watu. Lilisafiri chini ya basi kupitia Mwingi, kilomita mia tatu na zaidi, limeviringwa ndani ya nailoni. Lilipofunguliwa sebuleni akina mama walipiga vigelegele, kisha kila mmoja akaangalia nyayo zake.

Lilikuwa zulia la kiwandani kutoka Gaziantep, mji wa Uturuki unaofuma mazulia ya mashine na kuyatawanya duniani kote. Manyoya yake ni ya polipropilini, yaani plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Si vibaya. Plastiki hiyo hainywi maji, rangi yake haichuji upesi, na nondo hawaitaki kama wanavyoitaka sufu. Lilienea ukuta hadi ukuta. Magodoro na mito ya majlisi ikapangwa juu yake pande tatu, kabati la televisheni likasimamishwa upande wa nne, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kuinua hata pembe moja bila kuita wanaume.

Ayeeyo, bibi yetu mzaa baba, peke yake ndiye hakupiga kigelegele. Yeye alizaliwa ndani ya aqal, nyumba ya wafugaji inayojengwa na wanawake kwa miti ya kupinda na mikeka, ikabomolewa na kupakiwa juu ya ngamia malisho yakiisha. Kwao mkeka ulikung'utwa kila asubuhi, na baada ya miezi kadhaa nyumba nzima ilikung'utwa kwa safari. Akauliza swali moja: "Hili, atalinyanyua nani?" Eddo akacheka, akamwambia, "Hooyo, hili ni la kufagia tu."

Basi tukalifagia.

Sasa lazima msomaji wa Mombasa au Kisumu aelewe hali ya hewa ninayoizungumzia. Garissa hupata mvua ya takriban milimita 300 kwa mwaka, katika mwaka mwema. Wakati wa Jilaal, kiangazi chetu, kuanzia Januari, joto humfanya mtu afungue kila mlango na kila dirisha, na upepo huingia kama mgeni aliyealikwa. Viatu vinaachwa kizingitini, ndiyo, hakuna mtoto asiyelijua hilo. Lakini mchanga wa Garissa hauvai viatu. Unaingia kwa upepo, kwa pindo za madirac na buibui, kwa kwato za mbuzi wa jirani aliyekosea mlango, kwa mkokoteni wa punda ulioleta maji na kuvurumisha vumbi la uani.

Fagio la njiti lilikuwa likichukua kilichoonekana: makombo ya sambusa, maganda ya njugu, nywele. Mchanga mzito ulizama. Na mchanga ukishafika kwenye shina la uzi, kila anayepita anausaga: chembe ina makali, uzi unakatwa kidogo kidogo pale chini, halafu siku moja njia ya kutoka mlangoni hadi jikoni inaanza kung'aa na kulala, na watu wanasema zulia limechakaa kwa uzee. Halikuwa na uzee wowote. Lakini nani angegombana kwa sababu ya mchanga asiouona? Sisi tuligombana kwa sababu ya chai.

Chai ya kwanza ilimwagwa na Abti, kaka yake Hooyo, akionyesha kwa mkono jinsi ngamia alivyoruka mtaro. Chai ya maziwa ina mambo matatu ndani yake, rangi ya majani, mafuta ya maziwa na sukari, na kila moja ina dawa yake. Dawa ya kwanza kwa yote ni kitambaa kikavu cha kufyonzea, kikandamizwe bila kusugua, kisha maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha maziwa ndani ya uzi. Hooyo alikuja na maji ya moto na brashi ya kufulia. Alisugua mpaka doa likawa kubwa kuliko sahani, na manyoya yakasimama kama ya paka aliyeona mbwa. Akamwaga sabuni ya unga, povu likajaa, doa likafifia, nasi tukamsifu.

Ubaya wa sabuni ya unga ni kwamba haiondoki. Kuisuuza kunahitaji maji mengi, na kwetu maji yalinunuliwa kwa mtungi wa lita ishirini, hivyo mkono wa Hooyo ulikuwa mwepesi kwenye sabuni na mzito kwenye maji. Sabuni iliyokauka ndani ya zulia hunata, na kinachonata hukamata vumbi. Wiki chache baadaye pale palipooshwa pakawa peusi kuliko palipokuwa na chai. Hooyo akaongeza sabuni. Hapo ndipo sebule yetu ilipoingia mzunguko ambao ningeuita biashara, kwa kuwa mwenye duka la sabuni alinufaika sana.

Kisha akaja mjukuu. Dada yetu alijifungua mvulana, akarudi kwetu kumaliza arobaini, na arobaini ikapitiliza hadi mtoto akaanza kula uji. Hili la uji si dogo. Kwetu watu ni wa madhehebu ya Shafi, na mkojo wa mtoto wa kiume ambaye bado anaishi kwa maziwa ya mama hutosha kunyunyiziwa maji mahali pake. Akishakula chakula, panaoshwa kama najisi nyingine. Mtoto alikojoa katikati ya nakshi alasiri moja, adhana ya Magharibi ikiwa imekaribia, na sebule ikagawanyika. Kambi ya dada ilisema uji aliolambishwa hauhesabiwi. Kambi ya Ayeeyo ilisema uji ni uji. Hooyo alikuwa tayari kwenye kopo la sabuni.

Ayeeyo akamzuia. Akakumbusha kisa cha bedui aliyekojoa msikitini na Mtume akaamuru ndoo ya maji imwagwe juu yake: hapakuwa na sabuni wala brashi, palikuwa na maji ya kutosha. Mkojo ukafyonzwa kwa kitambaa kwanza, kisha maji yakamiminwa, yakafyonzwa, yakamiminwa tena. Na tazama, pale mahali ndipo palipokuwa safi kuliko kwingine kote kwa mwaka mzima. Fiqhi ilikuwa imefanya kile ambacho sabuni ilishindwa: ilisuuza. Ila maji yale yote yalikwenda wapi? Yalishuka, na zulia halikunyanyuliwa yakauke. Hili litarudi.

Kaa la moto nitalisimulia haraka, maana bado kuna watu hawasemezani. Ilikuwa usiku wa Idi, dabqaad, chetezo chetu, imejazwa mkaa na uunsi, moshi mtamu unapitishwa chini ya shuka za wageni, mtu akajikwaa. Plastiki ile huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 160 hivi, na kaa la mkaa lina zaidi ya mara mbili ya hizo. Kishimo kigumu cheusi kikabaki, kinakwaruza nyayo. Doa la kuyeyuka halifuliwi. Linakatwa kwa mkasi, na tundu linajazwa manyoya yaliyonyolewa mahali pasipoonekana, kwa gundi. Kaka yetu aliyafanya hayo kwa ustadi, akanyoa manyoya chini ya kabati, na mpaka leo hakuna mgeni aliyegundua. Waliokuwepo usiku ule ndio hawajasahau.

Abti, ambaye dhamiri ilikuwa ikimsumbua kwa ile chai, akaleta mashine ya kufyonza vumbi kutoka Dubai. Aliileta pamoja na historia yake: kwamba Mwingereza Hubert Cecil Booth ndiye aliyeunda mashine ya kufyonza mwaka 1901, kubwa hata ikavutwa na farasi, ikisimama barabarani na mipira yake ikipitishwa madirishani, na kwamba ilitumika kusafisha mazulia ya kanisa la Westminster kwa ajili ya kutawazwa mfalme mwaka uliofuata. Tulisikiliza kwa heshima. Umeme ukakatika. Mji wetu una kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019, nacho kinaonekana vizuri sana ukipita. Lakini mashine ya Abti haikuonekana kukijua. Iliwaka siku nyingine, ikajaza mfuko wake kabla ya kufika katikati ya chumba, ikaanza kunuka moto. Mfuko ulipofunguliwa ulikuwa na mchanga mtupu, laini, mwekundu. Ayeeyo akauchota kwa vidole, akautazama, akamtazama Hooyo. Hakusema neno, lakini tangu hapo akawa anakaa pembeni, kwenye mkeka wake wa mkoma, anaoukunja mwenyewe.

Halafu mto ukaja.

Misimu mitano mfululizo mvua ilikuwa imekataa, na mwaka 2023, msimu wa Deyr, yaani vuli, ikaja yote kwa pamoja. Novemba mto Tana ulitoka nje ya kingo zake, barabara ya kati ya Garissa na Madogo, ng'ambo ya mto, ikamezwa, watu wakavushwa kwa mashua mahali ambapo wiki iliyopita walipita kwa bodaboda. Nyumba yetu iko upande wa juu. Jamaa wa ng'ambo wakaja kwetu na watoto, magodoro, sufuria, na mazulia yao yaliyolowa tope, kila moja limebebwa na vijana kama maiti.

Hapo ndipo nilipojifunza mengi kuhusu mazulia kuliko wakati mwingine wowote, na mwalimu alikuwa ukuta wa ua. Yale yaliyotandazwa ukutani siku ileile, mgongo ukitazama jua na upepo ukipita pande zote, yalikauka kabla ya jua kuzama. Tope likawa unga, likapigwa kwa fimbo, likaanguka, kisha yakaoshwa na kusuuzwa na kurudishwa ukutani. Yale yaliyokunjwa yakingoja nafasi yalianza kunuka siku ya pili, na kuvu ikafuata. Mengine yalitoa madoa ya kahawia yanayopanda kutoka chini, kwa sababu mgongo wa mazulia mengi una nyuzi za juti, zile za magunia, na juti ikikaa mbichi hutoa rangi. La sufu, moja tu, mali ya mama mmoja mzee, lilinusurika kwa vile alikataa katakata lisiguswe na dawa ya kung'arisha nguo. Alikuwa sahihi: dawa hiyo huila sufu mpaka iyeyuke.

Ili wageni wapate pa kulala, magodoro ya majlisi yalitolewa, kabati likasukumwa, na kwa mara ya kwanza tangu harusi zulia la Eddo likanyanyuliwa. Vijana walishika pembe, wakavuta. Pembe ikabaki mikononi mwao.

Chini palikuwa na jangwa dogo. Mchanga ulijaa karai na ukabaki. Na upande wa ukutani, pale unyevu wa maji ya mtoto ulipoelekea na kukaa, mchwa walikuwa wamejenga barabara zao za udongo. Plastiki hawakuigusa, ila juti iliyoishikilia plastiki upande huo waliila yote, na manyoya ya rangi ya maziwa yakawa yanapukutika katika vifungu nadhifu, hayana cha kuyashika. Nge mmoja naye akatoka, akakimbilia nje, watoto wakapiga mayowe ya furaha.

Ayeeyo akaamuru kila kitu kifagiwe, sakafu imwagiwe maji, mikeka itandazwe. Kuhusu zulia alisema likatwe kwa kadiri ya mikono ya mwanamke mmoja. Sehemu nyingine zilizokaa chini ya magodoro zilikuwa nzima, manyoya bado yamesimama. Fundi cherehani wa sokoni akazipiga pindo nene kwa sindano ya magunia, tukapata vizulia kadhaa. Kimoja kikabaki mbele ya televisheni. Wageni waliporudi makwao maji yalipopungua, Hooyo aliwapa vingine, na kanuni ya Ayeeyo akawapa pia: Alhamisi kigeuzwe, kipigwe mgongoni mpaka kiache kutoa vumbi, ndipo kifagiwe usoni.

Eddo alikuja Idi. Alivua viatu, akasimama juu ya kile kizulia, akainama, akashika pindo la fundi.

"Lingine liko wapi?"

"Madogo," akasema Hooyo, akimmiminia chai. "Nyumba tatu."

Eddo akakaa mkekani akafikiri, kisha akatoa simu kutuonyesha picha ya zulia jingine. Lilikuwa limeingia dukani kwa jirani yake wiki hiyo, kubwa kuliko la kwanza, jeupe kabisa, na matamvua ya dhahabu. Aabo akakumbuka ana mbuzi wa kuangalia sokoni.