Kisima si Chake, Mkokoteni ni Wake

Jumamosi asubuhi, hata chai sijaionja, simu yangu ikanijulisha kwamba kuanzia sasa kusoma umbea ni shilingi 350 kwa mwezi.

Mimi ni mzee wa makamo, mkazi wa Kitengela, upande wa Noonkopir, na starehe yangu imebaki moja: kujilaza kwenye kochi usiku nisome ugomvi wa Wakenya waliojificha majina huko kwenye mtandao wa Reddit. Nimesoma habari za landilodi anayefunga maji kila tarehe tano, bwana harusi aliyekimbia deni la mahema, na ploti iliyouzwa mara tatu hapa hapa Kitengela. Hiyo ya ploti niliisoma mara mbili, kisha nikaamka kwenda kuchungulia hatimiliki yangu kabatini.

Programu yenyewe ya Reddit ni ya bure, lakini imejaa matangazo: mara kamari, mara mkopo, mara mafuta ya kukuza nywele ambazo mimi zilishaniaga. Ndipo mpwa wangu akaniwekea nyingine, iliyoundwa na kijana fulani wa ng'ambo, peke yake, ya kusomea mambo yale yale. Tulivu, haina tangazo, herufi zake kubwa kama za kalenda. Nikalipa mara moja, miaka hiyo, nikajua yamekwisha. Kumbe ndiyo hiyo sasa inayodai 350 kila mwezi. Fundi aliyenitengenezea kitanda hapo Barabara ya Namanga hajawahi kurudi mwisho wa mwezi kuuliza nimelala mara ngapi.

Siku hiyo nilikuwa na harambee Kajiado mjini, anakoishi huyo mpwa. Ndani ya matatu nikanung'unika mpaka Isinya, ng'ombe wakatusimamisha, nikaendelea kunung'unika wakivuka. Jirani yangu wa kiti akavaa visikizio. Nilimwona, havikuwa vimechomekwa popote.

"Mjomba," mpwa wangu akasema baada ya kunisikiliza hadi soda ikapoa, nayo ilikuja moto, "maji unanunua kwa nani?"

Kijana wa mkokoteni. Kitengela mfereji ukitoa maji tunaitana majirani kushuhudia. Kijana analeta mitungi ya lita 20, shilingi 30 kila mmoja, jua likizidi anapandisha hadi 50.

"Kisima ni chake?"

Si chake.

"Basi mwenye kisima akipandisha, yeye afanyeje?"

Sipendi kufundishwa na mtoto niliyembeba mgongoni, lakini alikuwa na hesabu zake. Kwa miaka mingi Reddit iliwaachia vijana kama huyo wangu wachote bure. Mwaka 2023 ikaweka mita: dola 12,000 kwa kila maombi milioni 50. Ombi moja ni kila unapofungua kitu, unaposhusha ukurasa, unapopiga kura. Christian Selig, Mkanada aliyeunda Apollo, programu ya kusomea Reddit iliyopendwa kuliko nyingi, alipiga hesabu akaona atadaiwa kama dola milioni 20 kwa mwaka. Kwa dola ya wakati ule ni shilingi bilioni 2.8. Tarehe 30 Juni mwaka huo akafunga duka.

Mpwa wangu akageuza kadi ya harambee, akaandika nyuma yake. Selig alisema mtumiaji wa kawaida wa Apollo alifanya maombi 344 kwa siku, yaani dola 2.50 kwa mwezi. Akazidisha kwa 140. Ikatoka 350.

Nikaitazama ile 350. Ndiyo ile ile iliyonikatiza chai.

"Na hapo duka la programu halijakata fungu lake," akaongeza, "asilimia 15, wengine hata 30. Huyo kijana anakuuzia maji kwa bei ya kisimani, Mjomba. Mkokoteni anausukuma bure. Tena wewe ulilipa mara moja ukasoma kila usiku. Kila ulipocheka, yeye alidaiwa."

Nilinyamaza kidogo, jambo ambalo dada yangu alilitambua akiwa jikoni akauliza kama naumwa.

Lakini sikushindwa, nilihamisha ugomvi tu. Kijana wa mkokoteni nikisafiri hanidai. Huyu wa ng'ambo nitamlipa hata mwezi nilioshinda Kajiado bila bando. Na bando lenyewe, kabla sijafungua chochote, serikali imekwisha kulitoza ushuru wa asilimia 15. Waganda ndio walioipata wazi wazi: kuanzia Julai 2018 walitozwa shilingi 200 zao kila siku kwa kuingia kwenye mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 serikali ilipoifuta ikaweka asilimia 12 kwenye intaneti yenyewe. Ukikwepa mlangoni unakutwa dirishani.

Halafu kuna hili ambalo mpwa wangu hakulijibu. Hicho kisima kimejazwa na nani? Ile ploti iliyouzwa mara tatu iliandikwa na mtu wa Kitengela, kwa bando lake, machozi yakimtoka. Bwana harusi wa mahema alianikwa na mwenye mahema. Sisi ndio tunaomimina ndoo, usiku kucha, bila senti. Kisha mwenye eneo anaweka mita, kijana wa mkokoteni anaumia, nami nanunua mtungi wa maji niliyoyamwaga mwenyewe jana.

Na si Reddit peke yake. Twitterrific, programu ya kusomea Twitter, ilianza mwaka 2007, na ndiyo iliyotangulia kumtumia ndege kama alama, hata neno lenyewe la "tweet" likatokea huko. Januari 2023 Twitter ikawakatia, wao na Tweetbot na wengineo, bila hata kuwapigia hodi. Wateja wakawa na haki ya kurudishiwa pesa za miezi iliyosalia. Wenye programu wakawaomba kwa upole: tafadhali, kama waweza, bonyeza kwamba huzihitaji. Nikifikiria deposi yangu ya nyumba ya kwanza Kitengela, ambayo mwenye nyumba alijibonyezea mwenyewe, namsikitikia mtu anayelazimika kuomba.

Nikakubali. Si kwamba ni haki, ila macho yangu yamezoea zile herufi. Tatizo likawa kadi yangu ya benki, iliyoisha muda mwaka jana bila mimi kujua. Mpwa akasema atalipa kwa yake, nami nimtumie kwa M-Pesa kila mwezi.

Nilipofika nyumbani nikamtumia 350 kamili. Ujumbe ukaingia kabla sijavua viatu:

"Mjomba, hujaweka ya kutoa."