Misingi ya Uchuojirani: Mhadhara wa Kwanza

Mwanagenzi, zima simu, fungua daftari. Leo tunaingia katika uchuojirani, taaluma ichunguzayo jinsi vyuo vidogo vya shahada ya kwanza vinavyoshirikiana. Wapo waliotumia maisha yao kuchunguza nyota. Tuwaache, nyota haijawahi kutia saini hati ya makubaliano.

1. Ushirikiano-picha. Fasili: uhusiano uzaliwao hati inapotiwa saini na kufariki mpiga picha anapofunga begi lake. Dalili zake ni mafaili mawili yanayobadilishwa mikono, chupa za maji zisizofunguliwa, na wakuu wanaopeana mikono huku kila mmoja anaitazama kamera. Usichanganye picha-simamizi na picha-ketizi! Katika ya pili, maofisa husimama nyuma ya viti. Wengi hufeli mtihani hapa.

2. Ushirikiano-basi. Huko Pennsylvania, Haverford na Bryn Mawr vimeunganishwa na basi liitwalo Blue Bus. Umbali ukishinda miguu, elimu huota magurudumu. Tuendelee.

3. Ushirikiano-sinia. Hiki ndicho kilele. Claremont, California, kulikuwa na chuo cha Pomona, kilichoanzishwa 1887. Rais wake, James Blaisdell, hakutaka kivimbe. Mwaka 1925 likaanza kundi la vyuo vidogo kwa mfano wa Oxford. Leo vya shahada ya kwanza ni vitano: Pomona, Scripps, Claremont McKenna, Harvey Mudd na Pitzer. Vimepakana, maktaba yao kuu ni moja, na mwanafunzi wa Harvey Mudd hula katika bwalo la Scripps bila kumbembeleza mtu.

Hapo ndipo nilipovumbua ukijiko: idadi ya mabwalo ya jirani unamoruhusiwa kula, ukigawanya kwa idadi ya hati zilizotiwa saini. (Chuo changu kina hati kabati zima. Ukijiko wake ni sifuri.)

Michezoni nadharia hupinda. Pomona na Pitzer vina timu moja, vile vitatu vingine vina yao, na timu hizo mbili ni watani wa jadi kama Simba na Yanga. Wanaopigana vikumbo uwanjani jioni hukutana usiku kwenye foleni ya chakula. Hali hiyo naiita utanisinia; inahitaji mhadhara wake, pengine miwili.

Zoezi: nenda bwalo la chuo jirani na kitambulisho chako na sahani tupu. Andika jibu la mlinzi, neno kwa neno.